Video Haisongi, Ni Akili Yako Inasonga: Vile Wasanii Hucheza na Wakati

Chukua simu yako, fungua video yoyote ya mtu akidensi, halafu isimamishe. Unaona nini? Picha. Msee ako na mguu mmoja hewani, mkono umekuwa ukungu. Isongeshe kidogo, isimamishe tena. Picha nyingine. Tafuta kila mahali ndani ya hiyo video, densi hutaipata. Utapata tu picha zimepiga laini, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanangoja mathree tao saa kumi na mbili jioni.

Sasa densi iko wapi? Iko kwa kichwa yako.

Kama unabisha, cheki zile taa za nganya usiku. Unaona mwanga ukikimbia kuzunguka gari, lakini hakuna taa hata moja imetoka mahali pake. Moja inazima, jirani yake inawaka, na akili yako inaamua kuna kitu kimehama kutoka hapa hadi pale. Jicho linapewa vipande, akili inajaza katikati. Video zote, katuni zote, na filamu zote umewahi kuona zinaishi kwa hiyo nafasi ndogo ya katikati.

Kuna wasanii wameikalia hii siri miaka mingi, wengine wao Wakenya. Kwao, video si gari la kubeba stori tu. Wakati wenyewe ndio mbao yao, na wao ndio mafundi. Wanaukata, wanaunyoosha, wanaufuta, wanaurudisha nyuma. Usidhani ni mambo ya watu wa majumba ya sanaa pekee. Zile video fupi zinakula usiku wako ukiwa kejani zimetengenezwa na vifaa vile vile, nia ndiyo tofauti. Ndio maana ni muhimu kujua vile mchezo unachezwa.

Farasi aliyeanzisha stori

Turudi 1878, California, Marekani. Tajiri mmoja anaitwa Leland Stanford, mpenzi wa farasi, alitaka kujua kitu ambacho watu walikuwa wamebishania sana: farasi akikimbia, kuna wakati miguu yote minne huwa hewani? Macho hayangeweza kujibu, juu farasi ana mbio kuliko macho.

Mpiga picha Eadweard Muybridge, mzaliwa wa Uingereza, akapanga kamera 12 kando ya njia. Farasi akipita, zinapiga picha moja baada ya nyingine. Jibu likatoka wazi: ndiyo, kuna wakati miguu yote huwa hewani. Tena haikuwa vile wachoraji walikuwa wakichora kitambo, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Inakuwanga hewani wakati imekunjwa chini ya tumbo.

Fikiria hapo kidogo. Watu walikuwa wameishi na farasi maelfu ya miaka na hawakuwa wamewahi kuona hicho kitu. Ilibidi wakati ukatwe vipande ndio ukweli utoke. Mwaka uliofuata, Muybridge akaunda mashine ya kuonyesha picha kama hizo kwa ukuta haraka haraka, na farasi akaanza kukimbia tena. Kukata, kisha kuunganisha. Kazi yote ya video ni hiyo.

Kwa nini 24?

Kila picha moja kwa hiyo laini inaitwa fremu. Filamu za sinema huenda fremu 24 kwa sekunde. Lakini hii namba haikutoka kwa macho yetu, ilitoka kwa masikio.

Zamani filamu zilikuwa bubu, na mwenye kamera alikuwa anazungusha mkono. Leo anazungusha haraka, kesho polepole, na hakuna mtu alilalamika sana. Mtu akitembea mbio kidogo kwa skrini, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ikaingia. Hapo mchezo ukaisha. Sauti ikienda haraka kidogo, mwanaume anaongea kama panya. Ikienda polepole, mtoto anaongea kama mzae. Jicho linasamehe, sikio halisamehi. Ikabidi mwendo uwe mmoja kila mahali, na 24 ikawa sheria ya sinema.

TV zetu huku zilifuata fremu 25, na simu nyingi leo hupiga 30 ama 60. Ndio maana wakati mwingine unaona kwa video rimu za gari zikizunguka kinyume na gari inaenda mbele. Kati ya fremu moja na nyingine, tairi imekaribia kumaliza mzunguko, lakini haijafika. Akili inaona rimu imerudi nyuma kidogo, inaamini, inakupatia uongo mtamu kabisa.

Bei ya sekunde moja

Ukitaka kuheshimu wasee wa katuni, piga hesabu. Sekunde moja ni fremu 24. Wengi huchora picha 12 kwa sekunde na kuionyesha kila moja mara mbili, kuokoa nguvu. Hata hivyo, dakika moja ni michoro 720. Na hapo umehesabu mhusika mmoja tu. Kama wako watatu na wote wanasonga, hesabu inapanda.

Ndio maana kipindi cha watoto kama Tinga Tinga Tales kilikuwa kazi kubwa hapa kwetu. Kilitengenezwa Nairobi na Homeboyz, kikaanza kuonyeshwa BBC mwaka wa 2010, na mtindo wake wa picha ulitoka kwa michoro ya Tingatinga ya Tanzania, ile iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga. Kila kipindi kilikuwa kama dakika 11. Kwa fremu 25 kila sekunde, hiyo ni fremu 16,500. Kompyuta inasaidia kujaza nyingi, sawa, lakini bado kuna mtu ameketi mahali akiamua sikio la sungura litashuka lini na litashuka polepole kiasi gani.

Kwa hivyo mtu akikuuliza mbona msanii wa animesheni anaitisha doh mob kwa video ya sekunde 30, mwambie hauzi sekunde 30. Anauza wiki zake zilizoingia ndani ya hizo sekunde 30.

Makaa na raba

Sasa tuingie kwa wale waliochukua hii kazi wakaitumia kusema mambo mazito.

William Kentridge ni mchoraji wa Johannesburg, Afrika Kusini, amezaliwa 1955. Njia ya kawaida ya katuni ni kuchora karatasi mpya kwa kila mwendo. Yeye anafanya kinyume. Anachora picha moja kubwa kwa makaa ya kuchorea, anapiga fremu moja ama mbili, anarudi kwa karatasi ile ile, anafuta mkono wa mtu, anauchora mahali pengine, anapiga tena. Anaenda hivyo kati ya kamera na karatasi, siku baada ya siku.

Lakini makaa hayafutiki kabisa. Kila mahali mkono ulikuwa, panabaki kivuli cha kijivu. Mtu akitembea kwa filamu ya Kentridge, anaacha nyuma yake uchafu wa kila hatua aliyopiga. Unaona alipo na unaona alipotoka, pamoja.

Mwaka wa 1994 alitoa filamu fupi, haifiki dakika tisa, inaitwa Felix in Exile. Aliitengeneza kipindi Afrika Kusini ilikuwa inaelekea uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote, baada ya ubaguzi wa rangi. Ndani yake kuna mwanamke, Nandi, anapima na kuchora ardhi. Kwa hiyo ardhi kuna miili ya watu waliouawa. Magazeti yanaifunika, kisha polepole ardhi inaimeza, unabaki na uwanja mtupu.

Swali lake si la siasa za vitabu: nchi ikisema tuanze upya, wale waliolala kwa hiyo ardhi wanaenda wapi? Na jibu liko ndani ya njia yenyewe ya kuchora. Unaweza kufuta, lakini raba huacha alama. Sisi pia tuko na viwanja mitaani ambapo kitu kilitokea, leo kuna kibanda cha chips hapo, na ni wachache wanakumbuka. Hiyo filamu utaielewa bila mtu kukutafsiria.

Kunyoosha na kupanga upya

Wengine hawachori hata kidogo. Wanachukua filamu ya mtu mwingine na kuguza wakati wake tu.

Mwaka wa 1993, Douglas Gordon wa Scotland alichukua Psycho, filamu ya kutisha ya Alfred Hitchcock ya 1960, isiyofika hata masaa mawili. Akaipunguza mwendo hadi ikachukua masaa 24. Hiyo ni kama fremu mbili kwa sekunde, bila sauti. Stori unaijua, mauaji unajua yanakuja, lakini hayafiki. Mkono ulioinua kisu unakuwa kitu cha kutazama hadi unachoka. Hofu inageuka, inakuwa kitu kingine. Hapo ndipo unang'amua kwamba woga wa sinema haukuwa kwa kisu, ulikuwa kwa mwendo wa kisu.

Christian Marclay akaenda njia nyingine. Kazi yake The Clock, iliyotoka 2010, ni vipande maelfu kutoka kwa filamu na vipindi vya TV, karibu kila kimoja kikionyesha saa ama mtu akitaja saa. Amevipanga ili vilingane na saa halisi ya mahali unatazamia. Kama kwa ukuta ni saa nane na dakika kumi, kwa skrini pia ni saa nane na dakika kumi. Inaenda masaa 24 kisha inaanza tena. Mwaka wa 2011 ilimpatia Simba wa Dhahabu kwa maonyesho ya Venice, Italia.

Utani wake uko hapa: kwa kawaida tunaingia sinema kusahau saa. Yeye amejaza skrini na saa, na bado watu waliketi masaa wakisahau kwenda kula. Saa inakuambia muda unapita, na wewe unaitazama ikikuambia, na haubanduki.

Mzigo juu ya kichwa

Tukuje nyumbani. Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka wa 1972. Mwaka wa 2015 alikuwa na kazi kwa maonyesho ya Venice inaitwa The End of Carrying All, video inayojaza skrini tatu zimepangwa kando kando. Mwanamke, na ni Mutu mwenyewe, anatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kikapu kichwani. Ni hayo tu. Lakini kila akipiga hatua, mzigo unakua. Vitu vinaongezeka juu ya vitu, tairi ya baiskeli, hadi majengo. Mgongo unaanza kupinda, hatua zinakuwa nzito, na mwishowe mzigo na mwanamke wote wanamezwa na ardhi.

Hiyo kazi ingekuwa picha ya ukuta, ungeitazama sekunde kumi, useme amebeba vitu mingi, uende. Kwa video, Mutu anakulazimisha umngoje. Skrini tatu maana yake safari ni ndefu, na wewe umesimama tu hapo ukiona mtu akilemewa. Kila mtu amewahi kumuona shosho na kuni mgongoni kando ya barabara, lakini gari ilipita. Hapa gari haipiti.

Msanii mwingine wa kujua ni Ng'endo Mukii, Mkenya wa animesheni. Filamu yake fupi Yellow Fever ilitoka 2012. Inaongelea wanawake na rangi ya ngozi, mambo ya kujichubua, na vile msichana mdogo anajifunza mapema kwamba urembo unakaa kwa ngozi ya mtu mwingine. Sauti ni za ukweli, za wanawake wa familia yake. Lakini picha amechanganya: kuna michoro, na kuna miili ya watu halisi ambayo amepiga picha moja moja, hadi wanasonga kama madoli, wakikwama na kuruka.

Mbona asipige tu video ya kawaida? Juu mwili ukisonga hivyo, unakaa kama si wa mwenyewe. Unaona mtu ako ndani ya ngozi yake lakini kuna mkono mwingine unamvuta. Hayo ndiyo maumivu filamu inaongelea, na hayajasemwa kwa maneno, yamewekwa kwa mwendo. Mukii baadaye alikuwa kati ya waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa animesheni za Afrika uliotoka Disney+ mwaka wa 2023, ambapo kipande chake kinaitwa Enkai.

Sauti nayo ina saa yake

Watu wengi wakisikia sanaa ya wakati wanafikiria picha. Lakini kama umewahi kuwa klabu na DJ akakata ngoma kwa ile sehemu tamu, akairudisha nyuma, akaanza upya na watu wakapiga nduru, basi umeona mtu akishika wakati kwa mkono. Sekunde zilikuwa zimepita. Amezirudisha.

Joseph Kamaru, anayejiita KMRU, ni msanii wa sauti aliyezaliwa Nairobi. Jina amepata kutoka kwa babu yake, yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu aliyeaga 2018. Mjukuu haimbi. Anatembea na kinasa sauti, anachukua vitu ambavyo sisi tunaviita kelele ama hatuvisikii kabisa, kisha anavinyoosha na kuvipanga kwa tabaka hadi vinakuwa muziki mrefu wa polepole. Albamu yake Peel ya 2020 iko hivyo. Hakuna biti ya kukuambia umefika wapi. Ukiisikiliza na headphone, dakika kumi zinapita kabla ujue kitu kilikuwa kinabadilika.

Mwaka wa 2022 alitoa Temporary Stored, na hapa mambo yakawa mazito. Alitumia sauti kutoka kwa hifadhi ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambako kuna rekodi za sauti kutoka Afrika, nyingi za enzi za ukoloni. Watu waliimba, wakapiga ngoma, wakaongea mbele ya mashine, na sauti zao zikaenda Ulaya zikawekwa kwa kabati. Walioimba walikufa. Wajukuu wao wengi hawajawahi kuzisikia. KMRU amezitoa, akazichanganya na sauti zake, zikapumua tena.

Hapo ndipo unaona kwamba kushika wakati si mchezo wa kompyuta pekee. Mwenye kuweka rekodi ndiye anaamua nani atasikika kesho. Babu yako alikuwa na stori, alikuwa na wimbo. Uko wapi? Kama hakuna mtu alirekodi, uliisha naye. Kama mgeni alirekodi, labda uko kwa shelfu mahali unahitaji visa kufika.

Sasa rudi kwa simu yako

Video fupi zinazojirudia zenyewe zimeundwa bila mwisho makusudi. Mwisho ni mahali mtu huamka akaenda kulala, so mwisho umeondolewa. Kipande kinakatwa ili sekunde ya mwisho ishikane na ya kwanza, na unajikuta umekitazama mara nne kabla akili iulize kama kimeisha. Gordon alinyoosha wakati ili uuone. Marclay alikuwekea saa mbele ya macho. Hizi zinafanya kinyume, zinauficha. Fundi ni yule yule na vifaa ni vile vile, lakini mmoja anakuonyesha masaa yako na mwingine anayachukua.

Ukitaka kukomboa kidogo, tengeneza yako. Hauhitaji kamera ya mamilioni.

Ya kwanza: egemeza simu mahali haitasonga, weka viatu vyako sakafuni, piga picha. Sogeza kiatu kama upana wa kidole, piga tena. Ukifika picha 120, ziunganishe kwa apu yoyote ya kuediti kwa mwendo wa picha 12 kwa sekunde. Umepata sekunde 10 za viatu vikitembea bila mtu. Utachoka mgongo, na hautawahi kudharau katuni tena.

Ya pili: weka simu dirishani jua likienda kuzama. Picha moja kila sekunde tano, kwa saa moja. Hizo ni picha 720. Zionyeshe kwa fremu 24 kwa sekunde na saa yako nzima ya jioni imeingia kwa sekunde 30. Utaona kivuli cha ploti ya jirani kikitambaa kwa ukuta kama kitu hai, na kumbe kimekuwa kikifanya hivyo kila siku.

Ya tatu: kama simu yako inapiga fremu 240 kwa sekunde, mpige mtoto akiruka kamba. Ukiionyesha kwa fremu 30, sekunde moja inakuwa nane. Tafuta kama kuna wakati miguu yote miwili iko hewani. Ni swali la Muybridge lile lile, ila wewe hauhitaji tajiri wa kukulipia kamera 12.

Ya nne haina picha. Mwambie shosho ama guka akuimbie wimbo wa utotoni wao, ama akusimulie vile mtaa wenu ulikuwa kabla ya lami. Bonyeza rekodi, weka simu mezani, usimkatize, hata akinyamaza. Kule kunyamaza pia ni sehemu ya sauti. Ukimaliza, weka kopi mahali pawili, na faili uipe jina lake, lugha yake na tarehe.